Tundu la Sindano

Mume wangu ni fundi cherehani, lakini kila asubuhi aliyekuwa anatunga uzi kwenye sindano ni mimi. Asipokunywa pombe, mikono ilimtetemeka. Akinywa, suruali ilitoka mguu mmoja mfupi. Mawifi zangu wakanishauri nimtilie mizizi ya kumwachisha kwenye chai kwa siri. Nikawaambia wainywe wao.

Nikamburuta hospitali. Daktari hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Vidonge hupunguza hamu, na kukaa na wenzake walioacha pombe wakazungumza humsaidia asirudi nyuma. Wengi hupata nafuu. Wengine huanguka. Akianguka, mlete tena."

Akaanguka kweli. Nikanuna, nikafoka, nikampeleka tena.

Jana asubuhi nilikaa kwenye cherehani yake na kulamba ncha ya uzi, kama kawaida. Akanipokonya.

"Mama watoto, uzi mweupe kwenye suti nyeusi? Hebu nipishe."

Akachukua mweusi, akafumba jicho moja. Mkono umetulia tuli! Uzi ukapita mara moja.

Nikabaki nimesimama, midomo bado imelowa. Nimefukuzwa kazi jamani, na sijawahi kufurahi hivi.