Nyumba ya Venancio Isiyo na Paa

Mdomo wangu hauna breki, na ndio ulionilisha miaka kumi na tisa. Naendesha bajaji yenye paa la nyasi hapa kisiwani kwetu, nawazungusha wageni wanaotoka Manila: mnara wa taa asubuhi, malisho ya juu ya magenge, ufuko wa mawe ya mviringo, makaburi ya kale yaliyopangwa mawe kwa umbo la mashua, halafu nyumba ya Venancio. Madereva wenzangu hawapiti kwenye nyumba ile. Mimi niliiweka kwenye mzunguko wangu, tena nikaiweka mwisho, kwa sababu hapo ndipo watu hucheka mpaka wakashika mbavu.

Siku ile ya Machi nilikuwa na abiria watatu. Wawili walikuwa vijana waliofunga ndoa wiki hiyo, wanashikana mikono hata wakila. Wa tatu alikuwa mama wa makamo, peke yake, aliyejiita Adelina. Simu haikumtoka mkononi. Hapigi picha, anarekodi sauti tu.

"Dada, utarekodi upepo siku nzima?" nikamtania pale mnarani. "Piga picha kama wenzio."

"Ni ya baba yangu," akasema. "Macho yamekwisha. Anataka kusikia."

"Kumbe! Basi ngoja niongee kwa nguvu. Mzee, shikamoo huko uliko!"

Akatabasamu. Laiti ningejua namsalimia nani.

Kule magengeni bwana harusi akaanza kurudi nyuma kinyumenyume, ati apigwe picha bahari yote ionekane. "Wewe! Ukianguka hapo tutakuokota vipande! Mkeo hajakuchoka bado!" Ng'ombe waliokuwa wanakula majani hawakuinua hata kichwa. Adelina alikuwa amesimama kando, anaangalia bondeni.

"Siku hizi njia ya ng'ombe haipiti kule chini?" akauliza.

"Iliporomoka zamani," nikamjibu, wala sikujiuliza mgeni ameijuaje njia ya ng'ombe. Hata chakula cha mchana, wali wa manjano na samaki mkavu ndani ya jani, alikifungua kwa vidole bila kulichana jani, kama mtu wa kwetu. Niliona, ila nilikuwa nimeshughulika na kuchekesha watu.

Tukafika kwenye nyumba. Kuta za mawe, nene kama urefu wa mkono, zimesimama vizuri tu, ila juu ni mbingu. Nikapanda kwenye kizingiti changu cha kila siku, nikakohoa kidogo, nikaanza.

"Hapa aliishi Venancio, bingwa wa uvivu kisiwa kizima! Sikilizeni. Paa la nyasi kwetu halinunuliwi. Kijiji kizima kinakuezekea kwa siku moja, na siku ya mwenzio na wewe unakwenda. Sasa siku ya paa la baba yangu, watu arobaini wako juu, jasho linawatoka, Venancio yuko wapi? Yuko kitandani!" Nikakoroma. Nina mkoromo mmoja mrefu unaoishia na filimbi, nimeufanyia mazoezi. Bibi harusi akashika tumbo. "Siku ya nne ikaja tufani. Paa la nani likaruka? La Venancio! Akaja mbio mlangoni kwa baba, analia, jamani nisaidieni. Baba akamwambia nini? Semeni nami: Hukuja kwangu, hatuji kwako!"

"Hukuja kwangu, hatuji kwako!" wakaitikia wale wawili, wakacheka, wakaenda dukani kutafuta soda.

Adelina hakucheka. Aliizima simu, akaiweka kwenye mkoba taratibu.

"Hayo nani alikwambia?"

"Aniambie nani? Nilikuwepo! Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama nyuma ya baba pale mlangoni."

"Basi wewe ni mtoto wa Leon," akasema. "Mimi ni mtoto wa Venancio."

Nilimkumbuka Deling, ndivyo tulivyomwita Adelina, mtoto wa miaka mitano aliyepandishwa mashuani na wazazi wake baada ya tufani, amebeba kuku.

"Alfajiri ya siku ya paa lenu mama alijifungua," akasema. "Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mtoto wa kiume. Aliishi mpaka jua lilipotoka. Baba akaja kuwaambia. Akafika pale kwenye kona, akaona paa lenu limeshatolewa lote, fito tupu, watu wako juu, na wingu limejaa baharini. Unajua hapa msiba ukitangazwa inakuwaje."

Najua. Kijijini kwetu msiba ukitangazwa kazi zote zinalala siku tatu, watu wanakwenda kukaa na wafiwa. Siku tatu bila paa, na lile wingu!

"Akageuza. Akamzika mwenyewe, nyuma ya ukuta huu, akapanga mawe. Akasema mkimaliza atawaambia. Jioni mkawa kwenye karamu, akasema basi kesho. Kesho yake akawasalimu watu, hakuna aliyemwitikia."

"Lakini pale mlangoni, dada! Kwa nini hakusema pale mlangoni? Baba yangu angemwezekea kwa mikono yake!"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, nimtoe mwanangu kaburini ili nipewe nyasi?"

Nikakaa chini kwenye kizingiti. Nilimkumbuka yule mtu alivyosimama mvua ikimnyeshea. Hakulia. Kulia nilimwongezea mimi. Kitanda nilimwongezea mimi, na mkoromo na filimbi yake, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu watu walicheka. Baba yangu alikosea siku moja kwa hasira, akafa bila kujua. Mimi nilirudia kila siku kwa raha zangu. Nilijichukia, sina neno jingine.

"Ana miaka themanini na mbili," Adelina akasema. "Anataka kurudi afie hapa, karibu na yule mtoto. Lakini bila watu hapati paa. Amenituma nisikilize kama mna kinyongo naye bado. Akasema usijitambulishe, sikiliza tu wanavyonitaja."

"Futa, dada. Nakupigia magoti, futa."

"Sijawahi kumdanganya baba yangu."

Wakati huohuo bwana harusi akatokea na chupa za soda, anapiga kelele toka mbali, "Hukuja kwangu!"

"Nyamaza!" nikamfokea. Kijana wa watu akaziweka chupa chini. Nikamgeukia Adelina. "Basi niwashie niseme tena."

Akaniwashia. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila jabali, niliishika simu ile kwa mikono miwili. Nikasema: "Mzee Venancio, ni Tirso, mtoto wa Leon. Yote uliyosikia ni uongo wangu. Nisamehe. Nyasi zipo na watu wapo. Rudi, tutakuezekea."

Aliondoka na ndege ya kesho yake, akiwa na namba yangu ya simu. Mimi nikapita nyumba kwa nyumba, nikasimulia upya, safari hii bila chumvi. Wazee walionisikia walilia kweli. Tukapanga Jumamosi ya mwisho wa Juni, wakajiandikisha watu arobaini na watatu. Nyasi tulikuwa tumeshazikata na kuzifunga mafungu, dhoruba ikaja mapema, ikaangusha mnara wa simu. Siku tisa kisiwa kizima hakuna mtandao. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua mtandao ukirudi nitampa Adelina habari njema ya nyasi.

Siku ya kumi simu ikalia mfululizo, jumbe tatu kwa mpigo, zote za Adelina.

Wa kwanza: "Samahani nimechelewa, baba alikuwa mgonjwa. Sasa amesikiliza yote. Ule mkoromo umemchekesha. Anauliza jambo moja tu: lile paa la Leon, siku ya tufani lilivuja?"

Wa pili, wa siku nne baadaye: "Kaka Tirso, upo? Yuko kitandani. Anauliza tena habari ya paa."

Wa tatu: "Baba ametutoka jana alfajiri."

Nilikaa ndani ya bajaji na simu yangu. Usiku ule wa tufani tulilala sita sakafuni, upepo unanguruma, mama anatumenyea viazi vitamu, na blanketi letu kavu kabisa.

Nikaandika: "Halikuvuja. Hata tone." Nikatuma.