Vumbi la Nje, Moshi wa Ndani

Mwaka ule walipopanua barabara ya kutoka Koboko kwenda Arua, mimi nilikuwa ndani na kichanga, na mama mkwe wangu, Mama Kulusum, alikuwa ametangaza vita na vumbi.

Malori yalipita mbele ya nyumba yetu tangu asubuhi, yamejaa udongo mwekundu, na kila lori lilituachia fungu letu: kwenye chai, kwenye shuka, kwenye nywele. Mama Kulusum akaloweka magunia akayapigilia misumari madirishani. Akaziba upenyo wa mlango kwa matambara. Mpaka hapo sikuwa na neno. Lakini nyumba iliyozibwa hunuka jasho na maziwa, naye hawezi kuvumilia chumba cha mzazi kinachonuka. Akaleta sigiri ya makaa, akaiweka karibu na kitanda changu, akatia udi na ubani asubuhi, mchana na jioni. Kwetu Wanubi mzazi hufukizwa, sikatai. Ila mama yangu mzazi alipowafukiza dada zangu, aliacha madirisha wazi!

Mwanangu Fadhul akaanza kukohoa. Kisha kifua kikaanza kukoroma, na kila pumzi ikawa inavuta mbavu zake ndani. Mwishowe hata kulia hakuweza. Alifungua mdomo, sauti haikutoka.

"Mama, moshi iko mingi," nikamwambia. "Mtoto nashindwa kupumua."

"Hiyo ni vumbi," akajibu, akaongeza ubani. "Dawa yake iko hii."

Nikitaka kufungua dirisha, vumbi! Nikitaka kutoa sigiri, watu watasema chumba kinanuka! Nikitaka kuhamia kwa jirani, arubaini ya uzazi haijaisha, mzazi hatoki akaonekana na wanaume. Mume wangu Asuman alikuwa kikazi kambini Arua, na hata angekuwepo, nani anamshtaki mama kwa mwanawe? Nilichoka. Nilimchukia yule mama na mapenzi yake yote.

Mchana mmoja nikaona midomo ya Fadhul inageuka rangi. Sikuomba ruhusa tena. Nikamfunga kwa leso, nikausukuma mlango hadi matambara yakaruka, nikaenda kusimama katikati ya barabara, kichwa wazi.

Greda lilikuwa linakuja. Dereva wake, Lukumani, ni Mnubi mwenzetu. Aliona hina miguuni mwangu, akaona kichanga, akaelewa. Alizima injini papo hapo, akanigeuzia mgongo.

"Zima motokaa!" akawapigia kelele wenzake. "Zima yote! Mama ya arubaini iko kwa barabara!"

Wanaume ambao hawakuwahi kusimama hata tulipowapungia mikono wakazima malori, mmoja baada ya mwingine, wakatazama upande wa mpaka wa Kongo kama waliokatazwa kugeuka. Vumbi likaanza kutua.

Mama Kulusum akatokea mlangoni, mikono kichwani. "Madinah! Wewe natia sisi aibu! Ingia!"

"Siingii mpaka utoe moto na magunia!"

"Na vumbi?"

"Vumbi iko wapi sasa? Ona!"

"Mama, toa hiyo moto," Lukumani akasema bila kugeuka. "Sisi tutangoja."

Mama Kulusum aliyang'oa magunia mwenyewe, kwa hasira. Moshi ukamiminika madirishani, mzito, hata dereva mmoja akadhani nyumba inaungua akauliza maji yako wapi. Mama Kulusum akasimama pale uani akiutazama, gunia mkononi.

Fadhul akakohoa, akavuta pumzi ndefu, akalia. Alilia kwa nguvu, uso mwekundu, mpaka barabara nzima ikamsikia. Nikakaa chini kwenye udongo nikalia naye.

Mama Kulusum akaja hadi ukingo wa barabara. Safari hii hakuniambia niingie. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete mimi nashika kidogo," akasema polepole.

Sikumpa.