Ukuta wa Bi Edna

Thirza Holroyd ni fundi wa kuta za zamani hapa kwetu Halifax. Nyumba zetu nyingi zilijengwa enzi za viwanda vya sufu, na waliozijenga walipenda kuzivika korido zao karatasi nzito iliyotengenezwa kwa mafuta ya kitani, ngumu kama ngozi ya kiatu, yenye maua na majani yaliyoinuka. Waliokuja baadaye wakaipaka rangi, na wengine wakapaka juu ya hiyo, mpaka maua yakazama. Kazi ya Thirza ni kuyaibua.

Clive Sugden, muuza mazulia, alimwita nyumbani kwa mama yake, Bi Edna, mjane aliyepita miaka themanini na aliyeishi peke yake.

"Ni zawadi ya siku yake ya kuzaliwa," Clive alisema. "Mimi nilitaka kumnunulia televisheni kubwa."

"Televisheni ya nini?" Bi Edna akadakia. "Siku hizi wote wananong'ona tu. Mimi nataka ukuta wangu."

Thirza akamuuliza angependa upakwe rangi gani ukishasafishwa.

"Yoyote, binti. Rangi si hoja. Nataka majani yasimame vizuri." Alikuwa akiupapasa ukuta huku akizungumza. "Yamevimba haya. Ni kama kushika uji."

Thirza aliona jibu lile ni geni kidogo, lakini wenye nyumba za zamani kila mtu ana lake. Akaukagua ukuta wote. Mwisho wa korido, karibu na kidaraja, ngazi moja tu ya kushukia jikoni, palikuwa na pengo la ukubwa wa sinia, plasta ikionekana.

"Hapo ni marehemu mume wangu, Wilf," Bi Edna akaeleza. "Alitundika kiango cha makoti, kikaanguka na makoti yote na ukuta juu yake. Akasema ataziba Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi."

Rangi za zamani zina sumu ya madini ya risasi, na dawa ya kuzing'oa inakaba koo, kwa hiyo Bi Edna akapelekwa kwa dada yake Scarborough mpaka kazi iishe. Thirza akavaa barakoa, akaanza. Alipaka dawa, akasubiri rangi ilainike, akaikwangua kwa kijiti cha mbao asije akaukata mchoro, kisha akaingia kwenye mikunjo kwa mswaki. Chini ya rangi ya maziwa kulikuwa na kijani, chini ya kijani kahawia, na chini ya yote makomamanga yaliyopasuka, punje zake zikihesabika.

Lililobaki ni lile pengo. Hakuna aliyemwambia alizibe, wala hakuna aliyemwambia aliache, na Thirza hakuwahi kuondoka nyumbani kwa mtu akaacha shimo. Alitengeneza kalibu ya mpira kwa kunakili mchoro wa sehemu nzima, akakandia ndani yake unga wa mbao na mafuta ya kitani, akakibandika kipande kipya, akakipaka rangi sawa na kwingine. Alipomulika tochi, hata yeye hakuuona mshono. Alirudi nyumbani siku hiyo akiimba.

Bi Edna alirudi kesho yake alasiri. Aligusa ukuta pale mlangoni. Kisha akaanza kutembea, kiganja kikipita juu ya makomamanga, uso umemng'aa.

"Haya sasa ndiyo majani," alisema. "Ngojeni niwatilie chai."

Clive na Thirza walikuwa nyuma yake wakitabasamu. Alifika mwisho wa korido bila kupunguza mwendo, akakanyaga hewa, akaangukia sakafu ya jikoni.

Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Hospitalini, mkono ukiwa tayari umefungwa plasta, Clive akamwambia Thirza, "Sielewi. Kidaraja kile amekishuka miaka hamsini."

"Nilikuwa nasubiri pengo la Wilf," Bi Edna akasema kitandani. "Mkono ukigusa pengo, najua mguu unashuka. Leo halikuja."

Wote wawili walimtazama.

"Mama, unaona kiasi gani?"

"Dirisha naliona. Wewe nakuona kama koti lililotundikwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitafutia chumba kwenye nyumba ya wazee, chenye zulia lako."

"Mazulia yangu ni mazuri."

"Sijasema mabaya."

Clive akainamisha kichwa. Thirza akasogea karibu na kitanda. "Ilinipasa nikuulize kwanza, Bi Edna," alisema.

"Na mimi ilinipasa niseme, binti. Nilikuwa na aibu. Acha tugawane lawama."

Wakati mama yake bado yuko wodini, Clive alimwita Thirza kwenye ile nyumba. Alikuwa ameshaulizia chumba kwenye nyumba ya wazee, hakuficha. Lakini kwanza akafumba macho, akaweka kiganja ukutani, akatembea toka mlangoni mpaka jikoni. Thirza alimshika mkono kwenye kidaraja, vinginevyo naye angeanguka.

"Pabomoe," Clive akasema.

Thirza alishika patasi muda mrefu bila kupiga. Kipande kile kilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Mwishowe akaomba wamngoje mwenye ukuta.

Bi Edna alipotoka hospitali hakutaka kusikia habari ya kubomoa. "Uzuri wote huu? Nipe tu mahali palipo laini. Na pawe mbali kidogo na kidaraja, nipate kujiandaa."

Basi Thirza akakata ukanda mwembamba toka juu hadi chini, akausawazisha ukawa laini kama sahani, na Clive akafunga mshikio wa chuma kando ya kidaraja. Bi Edna alijaribu kwa mkono wa kushoto, akamwambia Thirza ausogeze nyuma, akajaribu tena, akamwambia bado. Ukanda ulihamishwa mara kadhaa, na kila ulipotoka makomamanga yalirudishwa kwa kalibu ileile. Thirza hakulalamika.

Siku walipomaliza, Bi Edna aliwaambia wakae sebuleni. Walimsikia akitembea koridoni, akasimama kidogo, kisha akashuka. Maji yakafunguliwa. Kikombe kikagonga kikombe, na kijiko kikaanguka sakafuni. Clive akataka kuinuka. Thirza akamvuta shati, akaketi. Wakasubiri chai.