Mkwe Akivaa Reflekta

Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa ndoa ya Cephas na Liz, mtu huyo ni Lorine, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri kuliko wote.

Mambo yalianza Januari, pale mradi wa kuwasafirisha wanafunzi wenye ulemavu ulipomtuma Cephas nyumbani kwao. Alikuja na reflekta ya njano kifuani na tuktuk yenye ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu. Shule ilikuwa upande wa pili wa mji wa Migori, na miguu ya Lorine, katika miaka yake kumi na mitatu, haikuwahi kumfikisha hata langoni. Masharti yalikuwa mepesi: dereva mbele, mtoto nyuma, na kando ya mtoto mtu mzima wa nyumbani wa kumwangalia na kumwarifu dereva likitokea jambo. Mtu mzima huyo alikuwa Pamela, nyanya yake, ambaye wajukuu wote walimwita Dani.

Siku zile Pamela na Cephas walielewana kama chai na maziwa. Pamela alimkaripia kwa kila shimo lililokanyagwa, na Cephas akamwuliza kama lami nayo aliimwaga yeye. Lorine alicheka mpaka shuleni.

Kisha akagundua kwamba injini ya tuktuk ilikuwa nzito kuwaka kila shangazi yake Liz alipotoka kuanika nguo. Akaona afadhali asaidie. Leo kiatu kimepotea, kesho kitabu, keshokutwa chai imekuwa moto mno hainyweki. Na wakati Pamela akihangaika ndani, wawili wale waliongea uani. Likizo ya Aprili ilipofika, ng'ombe wa mahari waliletwa, wazee wakala wakashiba, na Liz akasindikizwa kwa vigelegele.

Shule zilipofunguliwa, Lorine alipandishwa kwenye tuktuk akangojea makaripio. Hakusikia kitu. Pamela alikuwa ameketi akimpa dereva mgongo, na leso imetundikwa kati yao kama pazia la hekaluni. Cephas naye alikuwa amekigeuza kioo chake kikatazama mawinguni, asije akakutana macho na mama mkwe. Akili nyingi huondoa maarifa. Katika hesabu zake zote, Lorine alikuwa amesahau kwamba kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, hawasemezani ovyo, wala hawabanani asubuhi na jioni ndani ya chombo cha magurudumu matatu.

Njia ya kukwepa haikuwepo. Liz, ambaye angempokea mama yake kazi, alikuwa kisiwani Mfangano akinunua samaki, na alirudi mwisho wa wiki tu. Tuktuk yenye ubao ilikuwa hiyo moja. Basi Lorine akawa daraja, akimnong'oneza kila mmoja kwa zamu, maana leso na injini zilimeza maneno yao.

Pamela aliposema mtu yule anaendesha kama fahali aliyeumwa na nyuki, Lorine alifikisha kwamba Dani anaomba upunguze mwendo kidogo, Anko. Cephas alipouliza kama Mama amelala salama, Lorine alifikisha kwamba dereva anakusifu kwa leso yako. Heshima ilistawi. Na kwa kuwa daraja nalo huchoka, siku moja karibu na stendi Lorine alimnong'oneza Cephas kwamba Dani angependa mandazi. Cephas, mkwe mpya mwenye kutaka sifa, alinunua mfuko mzima akaupitisha chini ya leso bila kugeuka. Pamela hangeweza kula mbele ya mkwe, hata mkwe mwenyewe awe nyuma ya pazia. Lorine alikula yote. Kuanzia hapo Dani alipenda mandazi kila siku.

Ndipo Orpah, afisa wa mradi, alipopiga simu. Alikuwa amesikia kwamba dereva na msindikizaji hawasemezani, naye angekuja kusafiri nao ajionee. Ikiwa ni kweli, tuktuk ingepelekwa Homa Bay kwa mtoto mwingine aliyekuwa akiingoja, na Lorine angekaa nyumbani hadi ipatikane nyingine. Jioni hiyo ugali ulimshinda Lorine.

Asubuhi Orpah alijibana mbele kando ya dereva. Lorine alifikisha maneno huku na huku kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, akitumaini kwamba kelele za mmoja zitachukuliwa kuwa mazungumzo ya watatu. Walipokaribia stendi, Cephas alisimama kwa mazoea, akanunua, akaupitisha mfuko. Lorine, ambaye hakuwa amekula tangu jana, alijaza mdomo.

Hapo walianza kupanda mlima, na mkanda uliofunga kiti cha magurudumu ukafunguka.

Kiti kilianza kurudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni. Cephas hakuona, maana kioo chake kilikuwa na mawingu. Lorine alikodoa macho, lakini sauti yote ilikuwa imezibwa na mandazi. Pamela alikidaka kiti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika cha kushika, ambacho kilikuwa leso. Leso ikang'oka.

“Cephas, simama hapo hapo.”

Tuktuk ikasimama. Cephas aligeuka, akamwona mama mkwe uso kwa uso, akainamisha kichwa. Alishuka, akaukaza mkanda huku akitazama viatu vyake.

“Niliambiwa hamsemezani,” Orpah akasema, naye akishuka. “Naona mnasafiri na ugomvi kila asubuhi, na mtoto yuko katikati.”

Lorine alimeza kwa nguvu. “Madam, hawajagombana. Anko alileta ng'ombe.”

Hapo Orpah alikumbuka kwao. Baba yake mwenyewe, kule Asumbi, alikuwa na mama mkwe. Akimwona kwa mbali alikuwa akijitosa migombani. Aliielewa heshima hiyo, akawaambia, lakini heshima haifungi mkanda, na kwa mwendo huu tuktuk itaondoka.

Pamela aliikunja leso yake polepole.

“Madam, mkwe wangu simwoni hapa,” akasema. “Naona dereva wa mradi, mwenye reflekta. Huyo nitamkaripia mpaka shuleni. Akiivua tu, mtaniona nimempa mgongo.”

Cephas aliifunga reflekta mpaka kooni, akakirudisha kioo mahali pake. Orpah akaketi tena. Alisema tuktuk itabaki, ila atarudi bila kupiga simu.

Walipanda mlima wakiandamwa na makaripio ya mwezi mzima, kila shimo na lake. Karibu na lango la shule, Pamela akatulia.

“Dereva,” akasema, “kwa nini wewe hupenda kutununulia mandazi hivyo?”

“Mimi? Mama, si ni wewe huyaagiza?”

Macho mawili yalimgeukia Lorine kutoka kando, na mawili kutoka kiooni. Naye akaukumbatia mfuko na kuomba, kwa adabu zote, ateremshwe haraka, kwani kengele imelia.