Kizingiti cha Vyumba Viwili

Mdogo wangu Noriaki alishuka kutoka Osaka na drili mpya, bado imo ndani ya boksi lake, na hapo hapo nikajua tuna kazi.

Baba alikuwa amevunjika nyonga. Alijikwaa akienda chooni, pale majamvi ya tatami yanapokwisha na korido inapoanza, chini kidogo. Bi Hanaoka, binti anayemfanyisha mazoezi hospitalini, alikuja kuikagua nyumba. Alipiga magoti, akapitisha kiganja chake sakafuni kote, kisha akasema kwa upole sana kwamba Baba atarudi iwapo sakafu itakuwa sawa kutoka kitandani hadi chooni, bila ukingo wowote. La sivyo, kuna kitanda kinamngoja katika makao ya wazee mjini. Baba alipoambiwa hivyo aliacha kula.

Fundi wa kijijini kwetu alisema tumngoje mpaka theluji iyeyuke. Tukaamua kufanya wenyewe.

Vyumba ni viwili vinavyopakana. Cha ndani ni cha kulala Baba. Cha pili, chenye kijimadhabahu na picha ya marehemu Mama, kiko kando ya korido. Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na milango ya karatasi ya kusukuma, inayotembea ndani ya mifereji ya kizingiti cha mbao. Tuliyang'oa majamvi, vumbi la miaka na miaka likatujaa puani, na kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumeshagombana.

"Dada, wewe unajua kuamrisha tu," akasema.

"Na wewe unajua kuja mazishini tu. Chukua chumba cha Baba, mimi nachukua cha Mama. Tusisumbuane."

Tukaifunga milango ya karatasi, kila mtu na upande wake. Nilianzia ukuta wa korido, nikapanga maboriti, nikaweka plaiwudi, kisha mbao za mwaloni, ulimi wa ubao mmoja ukiingia kwenye mfereji wa mwenzake. Nilikuwa nikisikia nyundo yake na mimi nazidisha yangu. Nakiri nilifurahia. Mwanamke wa umri wangu, mchuma matofaa, nimetandika mwaloni kama fundi.

Tulipomaliza tukaifungua milango. Sakafu yake ilikuwa juu ya yangu kwa unene wa kidole.

"Umepima kutoka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kizingiti. Wewe je?"

"Kwenye korido. Baba anakwenda chooni, Nori, haendi kizingitini."

"Ukifuata korido, kizingiti lazima king'oke."

"Basi king'oke."

Akakitazama kizingiti. Tangu tukiwa tunatambaa tulifundishwa tusikikanyage, maana kukikanyaga ni kumkanyaga Baba kichwani, na Mama alikuwa na upawa kwa ajili ya wasahaulifu. Sasa huyu hapa, jitu zima lenye miwani na mvi, amesimama na soksi zake, vidole vya miguu kavirudisha nyuma ya kile kipande cha mti. Nilitaka kucheka, kisha nikaona anakaribia kulia.

"Kila kitu cha hapa huwa nakikuta kimeshaondoka," akasema. "Mama nilimkuta ameshafunikwa. Hiki nacho unataka nikikate kwa mkono wangu."

Nina mdomo, kila mtu kijijini anajua, lakini hilo liliniuma. Nikaenda kuchemsha chai.

Asubuhi nilimkuta amepiga magoti, anaing'oa sakafu yake ubao mmoja mmoja, polepole ili ndimi zisivunjike. Kizingiti kilikuwa kimeshatoka. Alikilaza kando ya ukuta, juu ya taulo la Baba, kama mgonjwa.

Nikachukua patasi, nikaanza kung'oa safu zangu za mwisho.

"Hizo vipi tena, Dada?"

"Zimepinda. Usijifanye hukuziona."

"Niliziona jana. Niliogopa kusema."

"Uendelee kuogopa. Lete nyundo."

Safari hii tulianzia pale safu zangu zilipokuwa bado zimenyooka, tukavuka mlangoni bila kusimama, ubao kwa ubao, mpaka ukuta wa mwisho wa chumba cha Baba. Yeye anapanga, mimi nagonga. Milango ya karatasi tukaipeleka ghalani. Nilipomuuliza kizingiti atakifanyia nini, alisema nimwachie, akajifungia kwenye banda la matofaa na randa ya Baba.

Siku Baba alipoletwa kutoka hospitali kujaribu kutembea, Bi Hanaoka alipitisha tena kiganja chake sakafuni. Hakikukwama popote, akasimama. "Mzee, twende," akamwambia.

"Mmenijengea uwanja wa mieleka ya sumo," Baba akanung'unika, akashika fimbo yake.

Alitoka kitandani vizuri. Alipofika pale kizingiti kilipokuwa, aliinua mguu juu, kama alivyouinua pale maisha yake yote, ili asikanyage kitu ambacho hakipo. Fimbo ikateleza. Akayumba. Nikaruka kumdaka.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshashika kitu. Ukutani, kuanzia nguzo ya mlango hadi korido, Noriaki alikuwa amekaza mti mrefu wa kujishikiza. Vidole vya Baba vilikuwa vimezama ndani ya mifereji yake, ile iliyolainishwa na milango ya karatasi tangu alipomleta Mama nyumba hii. Akautazama.

"Hiki nakijua," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nani amekikata?"

"Mimi." Noriaki akainamisha kichwa.

Baba akakibinya tena, kama anavyopima tofaa kabla ya kulichuma. "Tuliwakataza mguu," akasema. "Mkono hakuna aliyewakataza."

Akasogea taratibu huku akikishika, akaipita picha ya Mama na kuipungia kwa fimbo, akaingia chooni, akatufungia mlango usoni. Tukabaki watatu koridoni. Bi Hanaoka akawa anajifutafuta macho, akasema ni vumbi la mbao.

"Nori," Baba akaita kutoka ndani, "kipande kilibaki?"

"Kilibaki, Baba."

"Basi kesho kifunge humu. Naona nitakuwa nakuja mara nyingi."