Breki ya Mwalimu

Mume wangu alifundisha udereva mpaka akastaafu. Gari la shule yao lilikuwa na breki mbili, ya pili upande wa abiria, na hiyo ndiyo iliyotulisha: mwanafunzi akipagawa, Mwalimu anakanyaga, wote wanarudi wazima. Sasa anakaa upande wa abiria katika kigari changu, ambako breki hakuna, na bado anakanyaga. Kapeti chini ya mguu wake wa kulia imetoboka.

Mimi, niliyeanza kuendesha kabla mtoto wetu hajazaliwa! Sijawahi kumgonga hata kuku. Lakini penye kona, pu! Penye tuta, pu! Juzi alimkanyagia mama mmoja aliyesimama zake kituoni akichezea simu.

Binti yetu, mpenda misemo ya Kiingereza, alinicheka. Eti Waingereza husema tabia za zamani hazifi upesi.

"Hii nitaiua kwa mikono yangu," nikamwambia.

Jumamosi tukienda kwake kumwona mjukuu, nilimgeukia mume wangu kabla sijawasha gari.

"Mwalimu, leo ukikanyaga hata mara moja, nakushusha. Na safari nyingine zote nakwenda peke yangu."

"Hata za kwa mjukuu?"

"Hata hizo."

Alivua viatu, akavitupa kiti cha nyuma, akakunja miguu juu ya kiti, akageukia dirishani.

Raha iliyoje! Nilikuwa naimba kabisa. Kwenye mzunguko wa kwanza nikaingia kwa kasi, nikapigiwa honi na matusi juu. Tuta la karibu na soko nililiruka, vichwa vyetu vikagonga paa. Penye taa nyekundu nilikuja kusimama katikati ya watu wanaovuka barabara, na mmoja akanipigia boneti kwa kiganja. Mwalimu alikuwa ameng'ang'ania mlango, jasho linamtiririka, miguu ameikunja vilevile.

Niliegesha pembeni. Aibu ilinishika. Kumbe miaka yote aliyokaa pembeni yangu nilikuwa nasubiri kishindo cha kiatu chake ndipo nipunguze mwendo.

"Nishuke?" akauliza taratibu.

Nilinyoosha mkono nyuma, nikavipapasa viatu vyake, nikamwekea mapajani.

"Vaa," nikasema. "Mjukuu anatungoja."