Chaki Ubavuni mwa Mashine

Mashine ya kwanza ilikuwa imeshaanza kunguruma Kijiti alipotoa kipande cha chaki mfukoni mwa aproni, akachora ubavuni mwa ile ya pili: kitanda, na chini yake tone. Mama Pacha akatazama, akaitikia kwa kichwa. Shuka zenye damu, maji baridi kwanza.

Ndivyo walivyozungumza katika chumba hicho cha kufulia cha hospitali, maana kwa makelele yale unaweza kumwita mwenzio sikioni akakuuliza nani kafa. Mtoto mwenye kichwa kikubwa ni wodi ya watoto. Jua ni kikaushio. Na kila asubuhi Kijiti huongeza kitendawili cha kuchora, ili shoga yake aanze siku na kicheko.

Kwa wengine chaki ilipumzisha koo. Kwa Mama Pacha ilikuwa ndiyo masikio. Yake yalikwisha kidogo kidogo, akingoja vizibo vya masikio ambavyo ofisi iliviahidi tangu enzi na enzi. Wenzake walijua, wakafunga midomo. Asiyesikia huambiwa hafai, akaonyeshwa mlango, na Mama Pacha ana wajukuu mapacha wanaomtazama yeye tu.

Msimamizi mpya akaingia na kitambaa kibichi.

"Hapa si chekechea," alifoka, akifuta michoro yote. "Wakaguzi wanakuja." Kisha akamkazia macho Mama Pacha, aliyekuwa amempa mgongo. "Na huyu, nimesikia habari zake."

Akarudi nyuma hadi mlangoni. "Mama Pacha!"

Shingo ya Kijiti ilitaka kugeuka yenyewe. Akaizuia, akaendelea kukunja. Bibi wa pasi, mwenzao wa tatu, naye hakuinua uso.

"Mama Pacha! Kijiti! Nyie!"

Hakuna aliyegeuka. Msimamizi akazunguka mpaka mbele yao, jasho limemtoka.

"Wote viziwi? Chumba cha upasuaji wanataka shuka sasa hivi!"

"Eti?" Kijiti akaweka kiganja sikioni. "Paza sauti, kaka."

"Shuka!"

Bibi wa pasi akatikisa kichwa kwa huruma. "Anaongea vizuri, maskini, ila mashine hizi."

Kijiti akamnyooshea msimamizi chaki. Aliitazama kama mtu aliyepewa dawa chungu. Lakini huko juu walikuwa wanangoja, basi akachuchumaa palepale alipofuta, akachora kitanda na kisu. Miguu ya kitanda ikapinda, mto ukakaa kama kichwa.

Mama Pacha akafuta mikono, akainama, akaupima mchoro kwa upole, kama wa mjukuu wake.

"Mbuzi na kisu," alisema. "Kigumu hiki, mwanangu. Nimeshindwa, chukua mji."

Walicheka hadi wakajishika mbavu. Lakini Mama Pacha alikuwa ameshaelewa, akambebesha msimamizi shuka za kijani, safi, zimekunjwa.

Msimamizi alipofika mlangoni, mashine ya mwisho ikamaliza, chumba kikatulia kimya.

"Na vile vizibo vya masikio, kaka," Kijiti aliuliza taratibu, "vinakuja lini?"

Wakaiona shingo ya msimamizi ikikakamaa. Kisha akatoka, kama hakusikia.

Mama Pacha akauliza kwa macho: kasemaje?

Kijiti akaokota chaki. Akachora mtu mwenye tai, mabega, macho na mdomo mkubwa. Masikio hakumchorea.